Faida ya Kiwanda na Faida ya Hisa

Gazeti linapotangaza kwamba faida ya kampuni fulani imepanda kwa theluthi moja, msomaji hudhani kuwa kiwanda chake kimezalisha na kuuza zaidi kwa kadiri hiyo hiyo. Dhana hiyo yaweza kuwa kosa kubwa. Hebu tutazame hesabu za Intel, kampuni ya Marekani itengenezayo chipu, yaani vipande vya silikoni viendeshavyo kompyuta.

Mwaka 1999 faida ya Intel kabla ya kodi ilikuwa dola milioni 11,228. Mwaka 2000 ilifikia dola milioni 15,141, ongezeko la asilimia 35 hivi. Lakini faida itokanayo na kazi yenyewe ya kutengeneza na kuuza bidhaa ilitoka dola milioni 9,767 ikafika milioni 10,395 tu, yaani asilimia 6 hivi. Je, ziada hiyo ilitoka wapi?

Intel ilikuwa na hisa katika kampuni nyingine za teknolojia. Bei za hisa zilipopanda, faida iliyopatikana kwa hisa hizo iliongezeka kutoka dola milioni 883 hadi milioni 3,759. Ongezeko hilo peke yake ni karibu robo tatu ya ongezeko lote la faida kabla ya kodi.

Mfano wake ni mfugaji auzaye maziwa. Mwaka mmoja akiuza na mtamba, atashika fedha nyingi kuliko kawaida. Fedha hizo ni halali yake. Walakini ng'ombe wake hawakutoa maziwa zaidi, wala mtamba yule hawezi kuuzwa tena mwakani.

Mwaka 2001 mambo yaligeuka. Faida ya kazi yenyewe ilishuka hadi dola milioni 2,256, na hisa, badala ya kuziba pengo, zikaleta hasara ya dola milioni 466. Hapa kuna jambo la kuzingatia: hisa za kampuni za fani moja hupanda na kushuka pamoja na fani hiyo. Kwa hiyo huzidisha neema wakati wa neema, na dhiki wakati wa dhiki.

Kanuni za uhasibu nazo zina sehemu yake. Zamani huko Marekani, kupanda kwa bei ya hisa za namna hii kwa kawaida hakukuhesabiwa katika faida mpaka hisa ziuzwe. Tangu mwaka 2018, mabadiliko ya bei ya hisa zinazouzwa sokoni huingizwa katika faida au hasara hata kama hakuna hisa iliyouzwa. Ni sawa na mfugaji kuandika faida kwa sababu bei ya ng'ombe mnadani imepanda, ilhali ng'ombe wangali zizini.

Basi mwanafunzi asomapo hesabu za kampuni na aanze kwa kuuliza: katika faida hii, maziwa ni kiasi gani, na ng'ombe ni kiasi gani?