Mbona Fizikia ya Pikipiki Isifundishwe kwa Kiswahili?

Kiswahili kiliisikia pikipiki kabla ya kuifungua injini yake. Majina pikipiki na tukutuku ni tanakali: mlio wa chombo umegeuzwa kuwa jina la chombo. Wapo wanaohitimisha kwamba lugha hii hukomea papo hapo kwenye mlio, na kwamba yaliyomo ndani ya injini ni milki ya Kiingereza. Dai hilo halina mashiko.

Anayebisha na azuru vibanda vya mafundi wa Kibera na Kawangware. Tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zisizozidi sentimita 250 za ujazo, mnamo 2008, bodaboda zimetapakaa huko, na mafundi nao wakaongezeka. Fundi humweleza mwanagenzi wake kwamba moshi una rangi ya samawati kwa kuwa ringi za pistoni zimelika, oili ikapenya na kuungua pamoja na petroli. Huko ni kueleza chanzo na matokeo. Hiyo ndiyo sayansi.

Mwalimu angeweza kuanzia hapo. Bajaj Boxer ya 150, chombo mashuhuri cha bodaboda, ina silinda moja ya takriban sentimita 145 za ujazo, na hutoa nguvu za farasi zipatazo 12 injini inapozunguka mara 7,500 kwa dakika. Yamaha YZF-R1, pikipiki ya mbio iliyoundwa upya mwaka 2015, ina silinda nne za sentimita 998, na hutoa nguvu za farasi karibu 200 kwa mizunguko 13,500. Ujazo umezidi kama mara 7, lakini nguvu zimezidi kama mara 17. Ziada hiyo imetoka wapi?

Jibu halihitaji mkalimani. Injini inayozunguka upesi zaidi huchoma mafuta mara nyingi zaidi kwa dakika. Aidha, ile ya mbio hubana hewa na petroli hadi sehemu moja ya kumi na tatu ya nafasi ya awali, kwa hiyo kila mlipuko husukuma pistoni kwa kani kubwa zaidi. Boxer haikuundwa kwa ajili ya mashindano. Kani yake ya kuzungusha gurudumu hufikia kilele kwenye mizunguko 5,000 hivi, jambo linalomfaa mwenye abiria na gunia la viazi, asiyehitaji kupaa bali kufika.

Lipo jambo zito zaidi. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: anayetoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa hajaongeza hatari maradufu, bali breki zake zina nishati mara nne ya kumaliza. R1 ina kompyuta inayozuia gurudumu kukwama breki zinapokazwa ghafla. Bodaboda nyingi hazina. Kijana anayetamani kasi ya ile ya kwanza akiwa juu ya hii ya pili anastahili kulielewa hilo kikamilifu, kwa lugha anayoifikiria, kabla lami haijamfundisha.

Hata hivyo, sera ya elimu nchini Kenya inataka masomo yafunzwe kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4. Mwanafunzi hukariri kanuni darasani, kisha akapita kibandani asitambue kwamba kanuni ile ile inafunguliwa kwa spana. Fundi naye huitumia asijue kwamba ina jina. Hasara ni ya wote wawili.

Istilahi hazikosekani. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kinachokosekana ni ujasiri wa mwalimu kumwalika fundi darasani, injini iwekwe mezani, na wanafunzi waulize maswali yao kwa Kiswahili. Mtihani ukitaka majibu ya Kiingereza, watayaandika kwa Kiingereza, ila safari hii watakuwa wanajua wanachokiandika.