Mzito mmoja hatoshi: namna Georgia ilijaza safu yake ya mbele

Leo tunazungumza futboli ya Kiamerika, ile ya kaske kichwani na mpira mrefu sawa yai. Si ile ya Mazembe. Wengi wenu muliiona kiloko ku televizio, mukabadilisha chaneli. Na sisi tulifanya vilevile, zamani. Lakini kuna pahali pamoja ndani ya ule mchezo ambapo mtu wa posti ataelewa mbio kuliko sisi waandikaji: safu ya mbele ya ulinzi.

Kila mara mpira unapoanzishwa, wazito watatu ao wane wa ulinzi wanagongana na wazito watano wa upande mwingine. Wanasukumana sekunde chache, wanapumua karibu nusu dakika, wanaanza tena. Wamarekani wanaita pahali pale "mitaro". Mtu wa kilo 140 anaweza kufanya vile bila shida wakati match inaanza. Ku robo ya ine, miguu imekufa, mikono iko chini, na pale njo match inapotea. Wale wanaoshuka chini Kipushi ao Kamoto wanajua: posti ya pili isipofika, ya kwanza haiwezi kufanya kazi ya zote mbili, hata ikiwa na wanaume wa namna gani.

Njo maana kocha mwenye akili hatafuti mzito mmoja. Anatafuta saba, wanane, wa kuingia na kutoka.

Ku iniversite za Marekani hakuna kununua mchezaji. Kocha anapita sekondari kwa sekondari, anaikala ku saluni na baba na mama wa mtoto, anaahidi bursi. Kuna watu wanaopima wale batoto na kuwapa nyota, moja mpaka tano. Kirby Smart, kocha wa iniversite ya Georgia tangu mwisho wa 2015, hakuangalia nyota peke yake. Iniversite iko Athens (si ile ya Ugiriki, ile ya jimbo la Georgia). Travon Walker alitoka Thomaston, ndani ya jimbo lenyewe, na nyota tano. Jordan Davis alitoka Charlotte, jimbo la North Carolina, na nyota tatu tu. Devonte Wyatt alipitia kwanza shule ndogo ya Hutchinson, kule Kansas. Jalen Carter, mdogo wao, alitoka Apopka, Florida.

Kuwapata ni nusu ya kazi. Mwanzo wa 2021 Davis na Wyatt wangeweza kwenda kutafuta makuta ku ligi ya malipo. Walibaki. Davis, meta 1,98 na kilo zaidi ya 150, alipata zawadi kubwa za mwaka ule, na hata hivyo hakucheza nusu ya mara ambazo ulinzi uliingia kazini. Aliingia, akafunga njia, akatoka kunywa maji, mwingine akaingia. Match 15, Georgia ilifungwa pointi 10,2 tu kwa wastani. Tarehe 10 Januari 2022 ikapiga Alabama 33 kwa 18 na kuchukua kombe.

Kiisha Walker akachaguliwa wa kwanza kabisa ku ligi ya malipo, Davis wa 13, Wyatt wa 28. Safu nzima ikaondoka mara moja. Ekipe ingine ingelia. Carter, ambaye alikuwa anaingia kwa zamu, akachukua nafasi, na nyuma yake wengine walikuwa tayari. Januari 2023 Georgia ikapiga TCU 65 kwa 7.

Sasa tuseme upande wa mutoto. Akiwa wa saba ao wa nane, anaikala ku benchi miaka. Tangu 2021 sheria zimebadilika: mchezaji anaweza kuhamia iniversite ingine na kucheza pale pale, tena anaweza kulipwa juu ya jina lake. Njo sababu makocha wanalia kwamba hawawezi tena kuweka akiba. Sisi hatuwalilii sana. Wao wenyewe walikuwa wanahama siku zote kufuata mshahara.

Na kuna mtoto wa kwetu aliyepita njia ile. Jonathan Kongbo alizaliwa Kinshasa, akakomea Surrey, upande wa Vancouver, Kanada. Alianza Wyoming, akashuka ku shule ndogo ya Arizona Western, na kule akaonekana sana mpaka Tennessee ikamuchukua mwaka 2016. Oktoba 2018, ndani ya match na Auburn, goti likakatika. Mwaka wake wa mwisho, kwisha.

Mama wengi wanatuuliza kama mutoto mrefu anaweza kufika kule. Anaweza. Lakini mbele ya kutia sahihi, muulize paka mbili: bursi ni ya miaka mingapi, na nani analipa munganga goti likivunjika. Muombe majibu kwa karatasi, si kwa mdomo.

Kongbo, na goti lile, alichaguliwa wa tano ku ligi ya Kanada mwaka 2019. Novemba ile ile Winnipeg, ekipe yake, ikachukua Grey Cup, ambayo ilikuwa haijaigusa tangu 1990.