Mchimba makaa na nahodha wake

Haya, sogeeni. Mpira wa kriketi ni mdogo, una gramu 160 hivi, lakini ni mgumu kama jiwe. Sasa jiwekeni mahali pa mpigaji. Mita 20 mbele yenu anakuja mbio kijana aliyekulia kwenye kazi ya mgodini, anaurusha kwa nguvu zake zote, na ninyi kichwani mna kofia ya kitambaa tu. Wakati huo helmeti hazikuwapo.

Kijana huyo ni Harold Larwood wa Nottinghamshire, Uingereza, aliyeanza kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe akiwa na miaka 14. Nahodha wake, Douglas Jardine, alikuwa mtoto wa wakubwa, msomi wa Oxford. Mwaka 1932 walipanda meli kwenda Australia kuwania Ashes, yaani ubingwa wa kriketi kati ya Uingereza na Australia, na huko aliwasubiri Don Bradman. Huyu mwaka 1930 alikuwa ameiadhibu Uingereza kwa mikimbio 974 katika mechi tano. Hadi leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo katika mfululizo mmoja wa mechi.

Jardine akabuni dawa. Mpira udunde mapema, uinuke na kumfuata mpigaji mbavuni au kichwani. Upande wa miguu yake wapangwe wadakaji, tena karibu kabisa. Akijikinga kwa gongo, mpira unadakwa naye anatolewa. Akiuacha mpira, unampata mwilini. Na kanuni haikukataza! Hata hivyo, Gubby Allen, mrushaji mwingine wa Uingereza, alikataa katakata kurusha namna hiyo.

Januari 1933, Adelaide, mbele ya watazamaji zaidi ya 50,000, mpira wa Larwood ulimpiga nahodha wa Australia, Bill Woodfull, karibu na moyo. Akajikunja kwa maumivu. Jardine alimpongeza mrushaji wake kwa sauti ya kusikika, na muda mfupi baadaye akawahamishia wadakaji upande ule ule wa hatari. Uwanja ulilipuka kwa zomeazomea, polisi wakakaa chonjo. Siku ya tatu ya mchezo Bert Oldfield wa Australia alipasuka fuvu kwa mpira wa Larwood. Tusimwonee Larwood hapo: wadakaji walikuwa wamepangwa kawaida, na Oldfield mwenyewe alisema kosa ni lake.

Wakuu wa kriketi wa Australia wakapeleka simu ya maandishi kwa wenzao wa London, wakisema mchezo huo si wa kiungwana. London ikachukia, hata ziara nzima ikataka kuvunjika. Ilipokwisha, Uingereza ilikuwa imeshinda mechi nne kati ya tano. Larwood aliangusha wiketi 33, yaani aliwatoa wapigaji mara 33, na Bradman alipata mikimbio ya kutosha kumfurahisha mchezaji mwingine yeyote, ila si Bradman.

Baadaye kanuni zilirekebishwa. Lakini kabla ya hapo wakubwa wa kriketi wa Uingereza walimtaka Larwood aombe radhi. Mimi naona walimgeukia mtu asiyestahili, maana mpango ule haukuwa wake. Yeye alimtii nahodha. Akakataa kuomba radhi. Hakuichezea tena timu ya taifa.

Mwaka 1950 alihamia nchi nyingine pamoja na mkewe na binti zao watano. Unajua wapi? Australia! Aliyemsaidia kuhama alikuwa Jack Fingleton, mmoja wa wapigaji aliowarushia mipira ile ya mbavuni. Larwood aliishi Sydney mpaka alipofariki mwaka 1995.