Jaji Anapotofautiana na Wenzake

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais uliofanyika tarehe 8 Agosti mwaka huo. Majaji wanne, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliona kuwa uchaguzi haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba na sheria. Majaji wawili, Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u, hawakukubali, na kila mmoja akaandika sababu zake. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 26 Oktoba, maana uamuzi wa wanne ndio uliokuwa amri ya mahakama. Hata hivyo, maandishi ya wale wawili yamo katika kumbukumbu za kesi hiyo hadi leo, kurasa kwa kurasa.

Maandishi ya namna hiyo ndiyo wanasheria wanayoyaita kwa Kiingereza dissent. Neno hilo ni zito kuliko kutokubaliana kwa kawaida. Majirani wawili wakibishana kuhusu mpira, hakuna atakayelitumia. Hutumika pale ambapo upo msimamo rasmi, wa mahakama, wa kanisa, wa chama au wa serikali, na mtu aliye ndani ya chombo hicho au chini ya mamlaka yake akatamka wazi kuwa haukubali. Mahakamani sisi husema maoni ya kutofautiana, au hukumu ya wachache.

Hapa waandishi wa habari huchanganya mambo mara nyingi. Jaji anaweza kuandika maoni yake peke yake na bado akawa upande wa wengi. Amekubali kwamba mrufani ashinde, ila kwa sababu nyingine. Huyo hajapinga uamuzi. Anayepinga ni yule anayesema kwamba angekuwa na kura za kutosha, kesi ingekwisha kwa namna nyingine. Kwa hiyo unaposoma kwamba jaji fulani "ametoa maoni yake", uliza kwanza: matokeo ameyakubali au ameyakataa?

Maoni ya kutofautiana hayamfungi mtu yeyote. Mahakama za chini haziwajibiki kuyafuata, na aliyeshindwa hawezi kwenda nayo kudai malipo. Ndiyo maana wengine huona ni kupoteza wino. Mimi naona tofauti kabisa, na kesi moja ya Uingereza wakati wa vita inatosha kueleza kwa nini.

Kanuni ya 18B ya mwaka 1939 ilimruhusu Waziri wa Mambo ya Ndani kumweka mtu kizuizini endapo ana sababu za msingi za kuamini kuwa mtu huyo ni hatari. Robert Liversidge aliwekwa kizuizini na Waziri John Anderson, akaenda mahakamani kuuliza: sababu hizo za msingi ni zipi? Kesi ilifika mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, House of Lords, mwaka 1941. Majaji wanne walisema inatosha waziri mwenyewe aamini kwa nia njema kwamba anazo sababu. Lord Atkin peke yake alikataa. Kwake, sheria ikisema sababu za msingi ziwepo, basi lazima ziwepo kweli, na mahakama ina haki ya kuziulizia. Kuwa na sababu na kudhani unazo, alisisitiza, ni mambo mawili. Aliandika kwa ukali, hata mwenzake Lord Maugham akalalamika kwa barua katika gazeti la The Times.

Atkin alifariki mwaka 1944, akiwa bado ndiye aliyeshindwa. Lakini mwaka 1979, katika kesi ya Rossminster, Lord Diplock alitamka kwamba wakati umefika wa kukiri wazi kuwa wengi wa mwaka 1941 walikosea na Atkin alikuwa sahihi. Kama Atkin angenyamaza ili kulinda umoja wa jopo wakati wa vita, waliomfuata wangekosa pa kuanzia.

Marekani, angalau katika kesi moja, mambo yalikwenda haraka zaidi. Mwaka 2007 Lilly Ledbetter alishindwa kwa kura tano kwa nne katika madai ya kulipwa kidogo kuliko wanaume. Jaji Ruth Bader Ginsburg alisoma pingamizi lake kwa sauti mahakamani na kulitaka Bunge lirekebishe sheria. Januari 2009 Rais Obama alitia saini marekebisho hayo.

Si kila mahakama inaruhusu hili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, hutoa hukumu moja na tofauti za majaji hubaki siri. Baraza la Privy la London, lililokuwa kilele cha rufaa za Afrika Mashariki enzi za ukoloni, nalo lilitoa ushauri mmoja tu kwa mfalme au malkia hadi mwaka 1966. Mwananchi wa Tanganyika au Kenya aliyeshindwa huko hakuweza kujua kama yupo jaji hata mmoja aliyeiona hoja yake. Wanaotetea utaratibu huo husema unalinda heshima ya mahakama. Nadhani heshima hiyo inanunuliwa ghali mno. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, imechagua njia nyingine: itifaki iliyoiunda inampa jaji yeyote haki ya kutoa maoni yake iwapo uamuzi si wa wote.

Faida nyingine haionekani kwa macho. Kabla hukumu haijasomwa, majaji huoneshana rasimu. Wengi wakijua kuwa mwenzao ataonesha hadharani kila ufa katika hoja zao, hulazimika kuziba nyufa hizo mapema. Hukumu inayobaki huwa imara zaidi hata kama kura hazikubadilika.

Swali la kwanza la wengi jaji anapotofautiana huwa ni yuko upande wa nani. Ni swali dhaifu. Jibu huwa ndani ya maandishi yenyewe, na siku hizi hukumu za Kenya na Tanzania husomwa bure mtandaoni kupitia Kenya Law na TanzLII. Ukifungua moja, usiishie kwenye amri ya mwisho. Endelea hadi kwa jaji aliyekataa, usome sababu zake, kisha uamue mwenyewe.