Ruzuku kwa vikundi vya mtaani ina faida gani kwa afya yako?

Kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii tunaikariri tangu shuleni, lakini ni nadra kujiuliza kinga yenyewe hulipiwa na nani. Tiba ina risiti: kadi ya hospitali, dawa, kitanda. Kinga haina. Kinga ni mama anayepita nyumba hadi nyumba akiuliza kama watoto wamechanjwa, au kijana anayezibua mtaro kabla ya mvua ya masika kuanza. Je, nauli ya mama huyo na koleo la kijana huyo hutoka wapi?

Mara nyingi hutoka katika ruzuku, yaani fedha ambazo serikali, shirika la kimataifa au kampuni hukipa kikundi cha wananchi ili kifanye kazi maalumu kwa manufaa ya wote. Mkazi wa mtaa kama Frere Town, huko bara ya kaskazini ya Mombasa, ana sababu ya kulielewa jambo hili hata kama hajawahi kuwa mwanachama wa kikundi chochote.

Harambee, mkopo au ruzuku?

Watu wengi huyachanganya mambo haya matatu. Harambee huchangwa mara moja kwa dharura, kama vile bili ya hospitali au mazishi. Mkopo hurejeshwa. Hazina ya Uwezo, kwa mfano, iliyozinduliwa mwaka 2013, hukopesha vikundi vya vijana na wanawake bila kutoza riba, lakini deni ni deni.

Ruzuku hairejeshwi. Hata hivyo, si zawadi. Kikundi huandika ombi, hueleza kitafanya nini na kwa gharama gani, kisha hutia saini mkataba. Kwa kawaida fedha hutolewa kwa awamu, na ya pili haiji mpaka hesabu za ya kwanza zionekane. Deni la ruzuku ni kazi yenyewe.

Hospitali haina miguu

Kwa nini fedha hizi zisipelekwe zote hospitalini? Kwa sababu hospitali humngoja mgonjwa aje, ilhali maradhi mengi huanzia nyumbani na hushindwa nyumbani.

Chukua mfano wa chikungunya, ugonjwa ulioizuka Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017 na kuendelea mapema mwaka 2018. Jina lake limetokana na lugha ya Kimakonde na linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye pia hueneza homa ya dengue. Mbu huyu huuma mchana na hupenda maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, mtungi, gurudumu kuukuu. Mji ambao maji ya mfereji huja kwa zamu, na kila nyumba huweka akiba ya maji, humfugia mbu huyu bila kujua.

Dawa ya kupuliza huua mbu wanaoruka siku hiyo. Mayai yaliyoganda kwenye kuta za pipa hubaki, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa. Maji yakirudi, mbu wapya huweza kuruka baada ya wiki moja hivi. Kwa hivyo kinga ya kweli ni kulifunika pipa, na kulisugua kila wiki. Hakuna daktari anayeweza kupita uani kwa kila mtu kila Jumamosi. Kikundi cha mtaa kinaweza, endapo kitapata brashi, vifuniko na posho kidogo ya chakula cha mchana.

Mfano wa pili ni kifua kikuu. Mgonjwa wa kawaida humeza dawa kwa miezi 6. Baada ya miezi 2 kikohozi hutulia, uzito hurudi, naye hujiona amepona. Akiacha dawa hapo, ugonjwa huweza kurudi ukiwa sugu na kuambukiza wengine, akiwemo abiria aliyeketi karibu naye katika matatu. Anayejua kwamba mgonjwa huyo amehama chumba kutoka mtaa mmoja hadi mwingine ni jirani, wala si karani wa hospitali.

Vijana wa unga

Mfano wa tatu unaigusa Pwani kwa uchungu zaidi. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, imewaharibu vijana wengi wa Mombasa, na waliochanga sindano wakaambukizana virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Wengi wao hawakwenda hospitali kwa kuogopa kutukanwa au kukamatwa. Waliowafuata maskani ni mashirika ya wenyeji, kama vile MEWA na Reachout Centre Trust, kwa fedha za wahisani. Wahudumu wao waliijua lugha ya vijana hao, na baadhi yao waliwahi kuwa waraibu.

Kenya ilianza kutoa dawa ya methadoni mwezi Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Pwani ikafuata, Malindi na kisha Kisauni. Methadoni hutuliza kiu ya heroini na kumwezesha mtu kurudi kazini na kwa jamaa zake. Lakini ina sharti: hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Aliyekosa siku kadhaa hawezi kurudia kipimo chake cha awali, kwa kuwa mwili umeshausahau, na kipimo kile kile kinaweza kumuua. Ni lazima aanze tena chini.

Hapa ndipo ruzuku ndogo inapookoa maisha. Mtu amekosa kuonekana kliniki Jumatatu. Jumanne kuna anayemfuata? Kama kipo kikundi chenye mhudumu na nauli ya tuktuk, yupo. Kama hakipo, kijana hurudi kwa unga.

Somo la kengele

Frere Town yenyewe ilizaliwa kwa fedha za hisani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini, baada ya ujumbe wa Sir Bartle Frere kutoka Uingereza. Mwaka mmoja au miwili baadaye chama cha wamishenari cha CMS kilianzisha makao ya watumwa walioachwa huru, yakapewa jina la Frere. Kengele iliyotundikwa hapo kuonya watu wanapokuja washika watumwa ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake.

Mikono iliyojenga na kulima ilikuwa ya Waafrika wenyewe, lakini mfuko na uamuzi vilikuwa ng'ambo. Matokeo yake? Kilicholetwa na mgeni kiliweza pia kuhamishwa na mgeni. Chuo cha kufunza makasisi kilichoanzia Frere Town kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, ambako leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's.

Vikundi vya afya vimepitia mkondo huo huo. Baada ya serikali kutangaza Ukimwi kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 50 mwaka 2000, na dola milioni 80 kwa mradi wa TOWA mwaka 2007. Sehemu ya fedha hizo ilipewa vikundi vya wananchi. Vingi viliwalea yatima, vikawatunza wagonjwa majumbani na kuwatia watu moyo wa kupimwa. Vingine vilichipuka kama uyoga kufuata hundi, na hundi ilipokwisha navyo vikatoweka.

Kisha Januari 20, 2025, serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Nchini Kenya, dawa zilipewa kipaumbele, lakini wahudumu wengi wa nyanjani walirudishwa nyumbani. Fedha zikipungua, miguu ndiyo hukatwa kwanza.

Kikundi kifanye nini?

Ruzuku si mbaya. Kibaya ni kuwa na mfadhili mmoja na daftari lisilosomeka. Kikundi kinachotaka kudumu kizingatie haya:

Kwanza, kijisajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inasimamia vikundi vidogo, kupitia afisi ya maendeleo ya jamii. Mashirika makubwa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika Mei 2024.

Pili, kiwe na akaunti ya benki yenye watia saini watatu wasiotoka jamaa moja, na kila risiti ihifadhiwe, hata ya sabuni.

Tatu, kiombe kazi inayopimika. "Kuhamasisha jamii" hakupimiki. "Kukagua mapipa ya nyumba 200 kila wiki kwa miezi 6" kunapimika.

Nne, kishirikiane na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya mwezi Septemba 2023 wakiwa karibu 100,000 nchini kote. Wao hulipwa posho na serikali kuu na kaunti. Kikundi kisirudie kazi yao, bali kijazie palipo pengo.

Tano, kiwe na mfuko wake. Mchango wa wanachama, hata ukiwa mdogo, unaweza kulipa nauli ya kumfuata mgonjwa mmoja wakati barua ya mfadhili inangojewa.

Nawe msomaji usiye mwanachama una wajibu. Fedha hizi hutolewa kwa jina la mtaa wako, kwa hivyo una haki ya kuuliza katika baraza la chifu ni kikundi gani kimepewa, kiasi gani na kwa kazi gani. Kilichofanya kazi kisifie, na kikikuomba mchango usikipe kisogo. Kisichojulikana hata na jirani zake kitaje hadharani, kwa maana shilingi inayoliwa na kikundi hewa ni ile ambayo ingemfikisha mhudumu kwa mgonjwa aliyeacha dawa.