Kichimbakazi katika chupa

Kichimbakazi katika chupa ni taswira ya kiumbe wa hadithi anayechorwa kama binadamu mdogo sana, mwenye mabawa ya kipepeo au kereng'ende, aliyefungiwa ndani ya chupa. Taswira hiyo imetoka Ulaya na imewafikia watoto wa Tanzania kupitia vitabu vya picha, filamu za katuni na michezo ya kompyuta. Haina asili katika masimulizi ya Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, ingawa ni rahisi kwa mwanafunzi kuichanganya na pepo wa chemchemi anayejulikana kwa Wairaqw.

Asili

Katika masimulizi ya kale ya Uingereza na Ireland, viumbe hao hawakuwa na mabawa, na wengi walikuwa na kimo cha mtoto au hata cha mtu mzima. Watu waliwaogopa. Ilisemekana kwamba huiba watoto wachanga, huleta maradhi, na kwamba ni wenyewe wa vilima fulani ambavyo mkulima hakuthubutu kuvigusa kwa jembe.

Waandishi ndio waliowapunguza. Shakespeare aliwafanya wadogo katika tamthilia zake mwishoni mwa karne ya 16. Kisha Alexander Pope, katika utenzi wake wa mzaha The Rape of the Lock (toleo la 1714), aliwapa mabawa ya wadudu pepo wa hewani wanaomlinda msichana mmoja. Mkuu wao anawatisha kwamba atakayezembea atazibwa ndani ya kichupa au kuchomwa kwa pini, yaani atatendewa kama mdudu aliyehifadhiwa na mkusanyaji. Kwa hiyo chupa iliingia kama utani wa mshairi, wala si imani ya wanakijiji.

Katika tamthilia ya J. M. Barrie, Peter Pan (1904), Tinker Bell alionekana jukwaani kama nuru inayotembea tu. Filamu ya Disney ya 1953 ilimpa mwili na mabawa, na humo Kapteni Hook anamfungia ndani ya taa. Katika mchezo wa Nintendo wa 1991, The Legend of Zelda: A Link to the Past, mchezaji humnasa kichimbakazi kwa wavu na kumweka chupani ili amfufue atakapoanguka.

Jini wa chupa

Msomaji wa Kiswahili huenda akamkumbuka kwanza jini. Katika Alfu Lela u Lela, mvuvi anavua chombo cha shaba chenye muhuri wa Nabii Suleiman, na jini anayetoka humo ni mkubwa hata kichwa chake kinafika mawinguni. Chombo hicho ni gereza la muasi. Hakuna anayekiweka mezani kuwa pambo.

Netlaangw wa Wairaqw

Wairaqw, waitwao pia Wambulu, husema lugha ya Kikushi. Wengi wao waliingia Karatu kutoka nyanda za Mbulu katika karne ya 20. Katika imani yao ya jadi, Looaa, anayehusishwa na jua, ni mwema na hutajwa kama mama. Netlaangw ni kinyume chake: ni pepo wa ardhini, hukaa kwenye chemchemi na mito, na huweza kuleta ugonjwa na mikosi. Akikasirika, hutulizwa kwa sadaka. Familia iliyopatwa na meeta, yaani hali ya unajisi, kwa mfano baada ya aina fulani za vifo, ilitengwa na majirani kwa muda.

Baadhi ya Wakristo humlinganisha netlaangw na Shetani, na katika insha za shule mtu anaweza kushawishika kumwita kichimbakazi. Tafsiri zote mbili zina upungufu, lakini ya pili inapotosha zaidi. Netlaangw hana maana nje ya maji anayokaa. Mtu hawezi kumchukua akaenda naye nyumbani. Kwa hilo anafanana na wale wa vilima vya Ireland kuliko huyu wa chupani.

Chemchemi nyingi zinazonywesha Karatu hupata maji yake kutoka msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, ndani ya eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959. Siku hizi vyanzo vya maji vina ulinzi mwingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa.