Sura ya Nne: Kuku wa Mnada

Swali ninaloletewa ofisini zaidi kuliko jingine lolote halihusu dhambi wala mbingu. Ni hili: “Mchungaji, mbona kwangu Mungu hatendi?” Ukimdadisi anayeuliza, utakuta ameona kwenye televisheni watu wakianguka, wakipiga mayowe na kutupa magongo, ilhali nyumbani kwake kuna ada ya shule, ng'ombe wa kukamuliwa na mume mwenye kisukari. Anahitimisha kwamba imani haijabisha hodi kwake. Sura hii nimeiandika kwa ajili yake, na sifichi kwamba nimeiandika pia kwa kuwakasirikia waliomfundisha hivyo.

Tuanze na mafuta. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja mmoja mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Nisije nikaambiwa nawasema majirani tu: miaka tisa kabla yake, mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, wanywe kikombe cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, mtu wa kanisa letu wenyewe. Wapo waliofia kwenye foleni. Baada ya kikombe yakaja mafuta, yakaja maji, ikaja chumvi, zikaja keki. Nasubiri kitakachofuata, na sitashangaa kikiwa na msimbo wa kulipia kwa simu.

Wauzaji hawa wanapenda kunitajia Naamani, jemadari wa Shamu aliyetakaswa ukoma Yordani. Kisa hicho kiko 2 Wafalme sura ya 5, na nina shaka kama wanakisoma hadi mwisho. Naamani alikuja na talanta kumi za fedha, vipande elfu sita vya dhahabu na mavazi kumi. Elisha hata nje hakutoka. Alimtuma mjumbe amwambie akaoge mara saba. Naamani akakasirika, maana alitarajia nabii asimame, aliitie jina la Mungu wake na kupunga mkono juu ya kidonda. Alitaka onyesho, akapewa maji ya mto ambayo kila mchunga mbuzi aliyafikia bure. Alipopona akataka kulipa, Elisha akakataa. Aliyemkimbilia njiani kuchukua malipo ni mtumishi wake, Gehazi, na ukoma wa Naamani ukamhamia.

Kosa la pili ni la kistaarabu zaidi, nalo limo hata miongoni mwa wachungaji: kudhani kwamba anayefanya kazi ya Mungu ni mwinjilisti, mwanakwaya na mzee wa kanisa, na wengine wote wanatafuta riziki tu. Mwaka 1522 Martin Luther aliandika juu ya ndoa kwamba baba anayefua nepi za mwanawe kwa imani, huku watu wakimcheka, Mungu na malaika zake wanamtabasamia. (Luther mwenyewe hakuwa na mke wala mtoto wakati huo; alioa 1525, kwa hiyo nepi alizijua kwa nadharia.) Na Bwana wetu? Luka anasema alipata umri wa kama miaka 30 alipoanza kufundisha. Hakuna Injili kati ya hizo nne inayosimulia muujiza alioutenda kabla ya hapo. Watu wa kwao walimjua kwa useremala.

Nilipanga sura iwe na vituo vitatu: shambani, jikoni na msibani. Shambani nilikusudia kupita haraka, lakini mazao ya shambani yananipeleka kwenye mnada, na kwenye mnada siwezi kupita haraka.

Msomaji wa kanisa jingine aniruhusu nieleze. Huku kwetu mlimani Kilimanjaro, wakati wa sadaka wapo wanaoleta bahasha, na wapo wanaoleta mayai, mkungu wa ndizi, chupa ya maziwa, maboga, muwa, au kuku aliyefungwa miguu ambaye atawika katikati ya sala ya Bwana. Baada ya baraka tunatoka uani. Mzee wa kanisa mwenye sauti na utani, maana asiye na utani hafai, anainua kitu kimoja kimoja na kutaja bei ya kuanzia. Watu wanapandisha. Mwingine akishanunua anasema, “Uza tena,” na kuku yule yule anaweza kununuliwa mara tatu kabla hajaenda kwa mgeni, kwa mjane au kwa kwaya. Mtunza hazina anaandika kila shilingi.

Desturi hii ina sababu yake. Mkulima wa kahawa hupata fedha kwa msimu. Hata Chama Kikuu cha Ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933 na kuwapa wakulima sauti sokoni, malipo yaliendelea kufuata mavuno. Katikati ya misimu mfuko ulikuwa mtupu, lakini ndizi haikomi kuzaa na kuku hangoji msimu. Zaidi ya hapo, pesa ya kahawa ilishikwa na baba, na mayai yalikuwa ya mama. Mnada ndio uliomwezesha mama kutoa sadaka iliyo yake.

Sasa huja kijana aliyesomea biashara akaniuliza kwa nini tununue yai kwa bei mara mbili ya dukani. Mwanangu, soma Ruthu sura ya 2. Sheria ya Walawi iliwaagiza wenye mashamba wasivune hadi pembeni na wasiokote masazo, wamwachie maskini na mgeni. Boazi alizidisha sheria: aliwaagiza vijana wake wachomoe masuke kutoka kwenye miganda na kuyaacha makusudi, wala wasimkemee Ruthu. Ruthu mwenyewe hakumwambia. Jioni yule mjane wa Kimoabi alipura shayiri karibu efa moja, yapata lita 22, na kila punje aliiokota kwa mikono yake. Kitabu kizima hakina malaika, hakina ndoto, hakina bahari iliyogawanyika, na bado Ruthu anakuwa mama wa babu yake Daudi. Esta ndiyo imezidi: katika Kiebrania jina la Mungu halimo kabisa.

Anayetoa elfu tano kwa mayai manne ya bibi asiye na pensheni anafanya alichofanya Boazi. Bibi anaondoka akiwa ametoa sadaka ya elfu tano, na hakuna aliyemwonea huruma hadharani.

Sisemi mnada ni mtakatifu. Mwaka wa uchaguzi huja mheshimiwa akanunua ndizi kwa laki mbili, mpiga picha ubavuni. Pesa tunaipokea, na mahubiri ya Jumapili inayofuata huwa juu ya Mafarisayo.

Jikoni ninamtaja Ndugu Lawrence, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Alipangiwa kuwapikia watawa wenzake, kazi ambayo kwa tabia yake aliichukia, akasali kati ya sufuria kwa miaka mingi. Msibani, angalia anayekuja kuosha vyombo baada ya kuanua matanga, turubai limekwisha ondolewa na hakuna tena wa kumwona. Wote wawili walistahili kurasa zaidi, lakini kuku amezila.

Katika baadhi ya sharika za mjini mnada umefutwa kwa hoja kwamba unachelewesha ibada ya pili, na kwamba sadaka siku hizi inatumwa kwa simu. Sina ugomvi na simu. Mimi mwenyewe hutoa kwa njia hiyo nikiwa safarini. Lakini wewe uliye kwenye baraza la wazee, ajenda hiyo ikifika mezani, usipige kura kabla hujauliza jambo moja: wale waliokuwa wakileta mayai, sasa wanaleta nini?